Televisheni Niliyoinunua Bila Kuikamua

Iko Alhamisi moja ambayo sijaisahau, mwanangu, na sidhani nitaisahau. Nilikuwa nimesimama nje ya duka la vifaa vya umeme mjini Nakuru, televisheni ya marehemu babu yangu nimeikumbatia kifuani, na nilikuwa naogopa kuingia. Si kwamba mle ndani kulikuwa na kitu cha kutisha. Kulikuwa na kijana mchangamfu, muziki, na televisheni zimepangwa ukutani kutoka chini hadi juu. Lakini nilijua nikiingia nitaulizwa nataka nini, na kuulizwa mbele ya watu ndiyo ilikuwa shida yangu tangu utotoni.

Wewe bado unatambaa. Siku utakayoweza kusoma haya huenda televisheni zitakuwa zimebadilika kabisa, hata ushangae mama yako alikuwa anahangaika na nini. Haidhuru. Kutakuwa na kitu kingine cha kuchagua, na mtu mwingine nyuma ya meza akikuharakisha. Ndiyo maana nakuandikia sasa, kidogo kidogo, wewe ukiwa umelala mchana.

Shosho, nyanya yangu, ndiye aliyenilea hapa Njoro. Nilipomaliza darasa la nane na sekondari ikakosekana, nilibaki naye tukafuga ng'ombe wawili na kuwapelekea wanafunzi wa chuo maziwa. Kitinda mimba wake ni Tata Wairimu, dada mdogo wa mama yangu. Mwaka ule Tata alikuwa amemaliza masomo ya uchungaji, na Jumapili iliyofuata Alhamisi hiyo angewekwa wakfu kanisani kwao Mombasa. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuwa mchungaji.

Shosho alikuwa ameshashonewa gauni la safari. Kisha, wiki tano kabla ya siku yenyewe, ng'ombe wetu mweusi akamsukuma wakati wa kukamuliwa, akaangukia simiti, nyonga ikavunjika. Daktari akamkataza kusafiri. Nilimwona Shosho akivumilia kubebwa, kugeuzwa na kudungwa sindano bila kutoa chozi. Alilia aliposikia habari ya safari.

"Huyu mtoto sijawahi kukosa siku yake hata moja," aliniambia. "Kubatizwa, siku ya kwanza ya shule, siku ya kuingia chuo, zote nilikuwa nimesimama hapo nyuma. Sasa ataangalia nyuma akose mtu."

Tata alipopata habari alinipigia simu. Ibada yote ingeonyeshwa moja kwa moja mtandaoni, kwenye chaneli ya kanisa lao.

"Kwa simu mama hataona, macho yake unayajua," akasema. "Nimekutumia pesa, Nyambura. Nunua smart TV, ama kile kibox cha kuchomeka kwa TV ya baba. Wewe ndiye uko naye. Chagua kitu kitamfaa."

Tofauti yao ni hii. Smart TV ina mtandao wake humohumo ndani. Kibox ni kidude kidogo, nusu ya kipande cha sabuni, unakichomeka nyuma ya televisheni isiyojua mtandao nacho kikaifundisha. Ile ya babu, ambaye sisi tulimwita Guka, haikujua mtandao, lakini kioo chake kilikuwa kizima na tundu la kuchomekea lilikuwepo.

Tata aliniambia nichague kitu kitakachomfaa Shosho. Nitakwambia ukweli, maana nisipokwambia mimi hakuna mwingine anayeujua: mimi nilikuwa nimeshachagua, na sikuwa nimemfikiria Shosho. Nilikuwa nimechoka na televisheni ya Guka. Kila nilipopeleka maziwa kwenye vyumba vya wanafunzi niliona skrini pana kama meza, nikirudi nyumbani naikuta yetu imevikwa kitambaa cha kufuma, cheupe chenye ukingo mwekundu, inatazama kama bibi harusi wa zamani. Nilitaka kubwa. Pesa za Tata hazikutosha kubwa mpya, lakini nilisikia kuna zile za mtumba kutoka Uingereza, ex-UK, na kwamba duka lile linapokea televisheni kuukuu kama nyongeza. Kwa hiyo Alhamisi hiyo, Shosho alipolala baada ya dawa, nilimwomba jirani akae naye. Nikakikunja kitambaa nikakiweka juu ya kabati, nikaibeba televisheni ya Guka hadi kwenye pikapu ya maziwa inayoenda mjini. Nilijiambia nitamfurahisha ghafla. Mtu akitaka kufanya jambo bila kuuliza hakosi jina zuri la kuliita.

Basi nikaingia dukani.

"Niaje, siz! Karibu sana. Tunaangalia nini leo?" Kijana mwenyewe wateja walimwita Mose.

"Kubwa," nikasema.

"Kubwa ya kawaida ama kubwa smart?"

"Smart."

"Hapo sasa! Ona hii. Ex-UK, inchi arobaini na tatu, kioo hakina hata mkwaruzo. Wazungu wanatumia kitu kidogo tu wanachoka nayo."

Akachomeka flashi, kioo kikajaa samaki wa rangi zote wakiogelea. Sijawahi kuona buluu kama ile. Swali likanijia kooni: je, inafungua chaneli ya kanisa la Tata? Nyuma yangu walikuwa wamesimama wateja wawili, mmoja anagonga funguo zake mezani. Nikalimeza lile swali, nikatoa nusu yake kwa sauti ya chini.

"Inaingia mtandao?"

"Siz, smart ni smart."

Nami nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Mose akapokea televisheni ya Guka kwa mkono mmoja, akaisukuma chini ya meza.

Nilifika nyumbani saa tisa alasiri. Shosho alikuwa ameamka, ameketi kitini na magongo yake kando. Aliitazama ile televisheni mpya kwa muda mrefu, kisha akaniomba kitambaa chake. Nikakifungua nikakiweka juu yake. Shosho alikifuma kwa kipimo siku Guka alipoileta ile ya kwanza nyumbani. Kwenye hii kikakaa katikati kama kofia ya mtoto kichwani mwa fahali.

"Hakitoshi," akasema.

"Utafuma kingine, Shosho. Ngoja kwanza uone."

Nikawasha mtandao wa simu, nikaiunganisha, nikabonyeza programu ya video. Kioo kikawa cheusi, kisha yakatokea maandishi: programu hii haifanyi kazi tena kwenye kifaa hiki. Nikazima, nikawasha. Maneno yaleyale. Nikatafuta mahali pa kusasisha programu, pakaniambia hakuna kipya. Nikajaribu programu nyingine, zilikuwa za stesheni za huko ilikotoka, zote zikakataa kwa sababu hatuko huko. Kubwa ile, yenye buluu ile, haikuweza kunionyesha hata dakika moja ya Mombasa. Na siku zilizobaki zilikuwa mbili.

"Ya babu yako iko wapi?" Shosho akauliza.

Nikamwambia. Nilitarajia anigombeze. Yeye akachukua magongo yake.

"Saa ya ng'ombe imefika. Nipelekee kiti kule."

Akaketi mlangoni mwa zizi, mimi nikachuchumaa chini ya yule mweusi na ndoo. Nilikuwa nimeanza kukamua aliposema, "Huyo nilimnunua wapi?"

"Mau Narok."

"Na wewe ulikuwepo. Hebu niambie vile nilimnunua."

Nilikuwa na miaka kumi na mbili wakati huo, lakini nilikumbuka yote, nikamweleza. Tulifika jioni, mwenye ng'ombe akatuonyesha kiwele kimejaa hadi kinang'aa, akataja lita nyingi. Shosho akatoa ndoo yake mwenyewe kwenye mfuko, akanawa mikono, akamkamua yule ng'ombe mwenyewe. Tukalala kwa mtu wa kanisa huko Mau Narok, na asubuhi, kabla mwenye ng'ombe hajamaliza chai, tukarudi bila taarifa, Shosho akamkamua tena. Kwa sababu wafugaji wa huku wanajua hila hiyo: ng'ombe anayeuzwa jioni huenda asubuhi hakukamuliwa, ili mnunuzi akute kiwele kimejaa maziwa ya siku nzima.

"Alikasirika, yule mwenye ng'ombe?"

"Alikasirika, Shosho. Alisema unamwita mwizi."

"Mimi nikafanya nini?"

"Ulicheka ukaendelea kukamua."

"Na leo, wewe ulikamua?"

Nikaendelea kuvuta chuchu za ng'ombe. Maziwa tu ndiyo yaliyokuwa yakisikika ndoo ikijaa.

"Ulionyeshwa kiwele kimejaa ukafungua kamba ukaondoka," akasema Shosho. Hakupaza sauti. "Mtu mwenye haya simlaumu, Nyambura. Hata mimi nilikuwa na haya. Lakini haya zako leo hazikukula wewe. Zimekula siku yangu. Kesho utarudi kule, na uende na ndoo yako."

Mwanangu, sijawahi kupigwa na Shosho. Siku hiyo afadhali angenipiga.

Niliandaa ndoo yangu baada ya chakula. Ilikuwa simu yenye data ya kutosha, na karatasi ya daftari. Juu ya karatasi niliandika jina la chaneli ya kanisa, na chini yake maswali matano kwa herufi kubwa, polepole, ili nikishindwa kuyasema niyasome. Asubuhi nikapanda tena pikapu ya maziwa na ile kubwa imefungwa blanketi.

"Siz, umerudi! Umekuja kuongeza ingine?"

"Haifungui," nikasema.

"Haifungui nini?"

"Kanisa."

Mose akatazama juu kama mtu anayeomba subira. "Siz, soma risiti. Kitu ikiuzwa hairudishwi. Na wewe mwenyewe ulisema unataka kubwa. Sasa, uliniambia ni ya kanisa? Uliuliza?"

Hapo ndipo palipouma, kwa sababu alisema kweli. Nilihisi miguu yangu ikianza kugeukia mlangoni yenyewe. Duka lilikuwa na watu wanne au watano, na wote walikuwa wananitazama. Nikainamisha macho, na nilipoyainamisha nikaiona televisheni ya Guka kwenye rafu ya chini, imebandikwa karatasi ya bei usoni. Nikakumbuka gauni la Shosho lililotundikwa nyuma ya mlango. Nikaitoa karatasi yangu.

"Swali la kwanza," nikasoma. Sauti ilikuwa inatetemeka. "Unaweza kufungua chaneli hii hapa, mbele yangu, kwa mtandao wa simu yangu?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. "Huyu ametoka mahakamani ama?"

"Siz, mimi niko na wateja," akasema Mose.

"Nangoja. Mimi sitoki hapa mpaka niikamue."

Lile neno lilinitoka lenyewe. Duka zima likaangua kicheko, Mose akicheka kuliko wote. Asiyecheka alikuwa mama mmoja mnene mwenye gambuti za mpira miguuni, aliyekuja kununua pasi. Alinitazama, akatazama ile televisheni kwenye blanketi, akaweka pasi yake mezani.

"Mwache msichana akamue," akasema. "Mnacheka nini? Boss, hebu washa hiyo kitu sisi wote tuone. Hata mimi kijana wangu ananisumbua nimnunulie smart."

"Mathe, usijali, nitakuhudumia saa hii."

"Mhudumie yeye kwanza. Mimi niko na siku mzima."

Mose akaiwasha. Yakatokea maneno yaleyale, safari hii watu watano wakiyasoma. Akahangaika nayo, akaizima, akaitafutia kipya, hakupata. Jasho likamtoka kidogo puani.

"Swali la pili," nikasema, na nikagundua sauti yangu imeacha kutetemeka. "Nionyeshe smart mpya ya pesa hizohizo."

Akashusha moja. Ilikuwa ndogo, ndogo hata kuliko ya Guka, lakini ilifungua chaneli mara moja, na rimoti yake ilikuwa moja. Hilo nililiona na nikaliweka moyoni, maana kwa Shosho rimoti moja si jambo dogo. Kisha nikamwomba aondoe karatasi ya bei kwenye televisheni ya Guka na achomeke kibox nyuma yake. Hicho nacho kikafungua. Kwaya ya Mombasa ikajaa kwenye kioo cha Guka, nguo zao za zambarau, na kioo kile nilichokuwa nakidharau kilikuwa kinaonyesha hadi vifungo.

"Lakini hapa kuna rimoti mbili," nikasema.

"Ndio, mbili. Moja ya kuwasha TV, ingine ya box."

"Swali la tatu. Hizi programu zikizeeka kama za ile kubwa, inakuwaje?"

Mose akatazama kando, kisha akamtazama yule mama wa gambuti, ambaye alikuwa ameegemea meza akisikiliza kama yuko ibadani. Nadhani ndiye aliyemfanya ajibu vizuri.

"Kwa ukweli, siz? Smart ikizeeka ndani, kioo kinaweza kuwa bado kizima lakini mtandao ndio hiyo, imeenda. Mwishowe hata hiyo unaichomekea box. Box nayo ikizeeka unatoa hiyo peke yake, unaweka ingine. TV yako inabaki."

Nikasoma maswali mawili yaliyosalia, ingawa nilikuwa nimeshapata jibu. Nilikuwa nimekuja na matano na sikutaka kurudi na hata moja. Mwishowe Mose akachukua ile kubwa, akanipa televisheni ya Guka na kibox, akabaki na pesa kidogo za usumbufu. Sikubishana.

"Siku ingine, siz," akasema akinifungia kamba, "hayo maswali kuja nayo siku ya kwanza." Yule mama akampiga begani kwa karatasi ya pasi, akaniambia niende salama.

Jumamosi Shosho alirudisha kitambaa chake mahali pake, kikatosha. Akafunga uzi mwekundu wa sufu kwenye rimoti ya kibox aijue kwa kuigusa, na ile nyingine akaniambia ni kazi yangu. Alifanya mazoezi ya kufungua chaneli mara nne. Mara ya nne hakunihitaji.

Jumapili alivaa gauni la safari. Tukaketi saa tatu asubuhi, kanisa likafunguka mbele yetu, na tukamwona Tata akiingia kwa mwendo wa polepole. Ibada ilikuwa imefika kwenye mahubiri picha iliposimama. Askofu akabaki mdomo wazi. Nikaruka nyuma ya televisheni, na huko nikakuta Shosho amekivika kibox kitambaa chake kidogo alichokifuma usiku wa Jumamosi bila kuniambia. Kilikuwa cha moto kama yai lililotoka kwenye sufuria.

"Nilikuwa nakifanya kiwe cha nyumbani," akasema kwa unyonge.

Nikakichomoa, nikakivua kitambaa, nikakipepea kwa kitabu cha nyimbo, nikahesabu hadi mia moja huku Shosho akisali kwa Kikuyu. Nilipokichomeka tena, Askofu alikuwa amemaliza mahubiri, na Tata alikuwa amesimama mbele yake.

"Familia ya mtumishi isimame," akasema Askofu.

Kule Mombasa wajomba zangu wakasimama kwenye safu ya mbele. Hapa Njoro Shosho akachukua magongo yake.

"Shosho, daktari alisema usi..."

"Ameambia familia isimame. Mimi ni nani?"

Nikamshika kiuno kwa nyuma, naye akasimama. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, nikauhisi uzito wake wote mikononi mwangu, na hakuketi mpaka wale wa Mombasa walipoambiwa waketi. Kabla ya kupiga magoti Tata aligeuka, akaangalia nyuma, kule kamera ilikokuwa imewekwa. Shosho akaachia gongo moja, akainua mkono.

"Ameniona," akasema.

Nami sikumrekebisha.

Mwanangu, kile kibox kimeshazeeka, mwaka jana tukakitoa tukaweka kingine, na kwenye kioo cha Guka ndiko wewe unakobandika viganja vyako vya uji kila asubuhi. Sitakwambia smart TV ni mbaya. Nyumba isiyo na televisheni, yenye mtu anayechanganywa na rimoti mbili, inunue smart mpya, wala isione haya. Lakini kama unacho kioo kizima, usikitupe kwa sababu tu hakijui mtandao. Kichomekee kinachojua. Na chochote utakachonunua, kiwe cha mtandao, cha kukamuliwa au cha kulimia, usikubali kuonyeshwa samaki wanaoogelea. Sema unachokitaka kifanye, ukione kikifanya, kwa ndoo yako mwenyewe. Jiulize kwanza ni nani atakayekaa mbele yake kila siku, na uchague ukiwa kwenye kiti chake. Ukitumwa kumchagulia mtu, muulize, hasa kama unaogopa jibu lake.

Ukiwa na haya kama mama yako, andika kwenye karatasi usome. Sauti itatetemeka, watu watacheka. Usitoke dukani.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza na masikio ya kungoja jibu. Akupe kila mahali mtu mmoja asiyecheka wenzake wanapocheka. Na siku watakaposema familia yako isimame, akukute una miguu ya kusimama, au mtu nyuma yako wa kukushika.